Saluti ya Soja

Mwanamume mzima, mwenye ndevu na kazi yake, kumwonea mke wake wivu kwa sababu ya mbwa! Ungemwambia Kagwe maneno hayo ana kwa ana angekucheka, halafu angebadilisha mazungumzo haraka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hata leo habari hiyo ikitajwa Kiganjo yeye huinama kufunga kamba za viatu ambavyo tayari vimefungwa.

Kagwe ni fundi wa madirisha ya alumini. Kibanda chake kiko Ruiru na nyumba yake iko Kiganjo, Thika, kwa hiyo kila asubuhi alitoka kwa pikipiki na kila jioni akarudi. Kabla hajaoa, kabla hajamiliki hata kochi, alikuwa na Soja. Alimtoa Githurai 45 akiwa kijibwa cha kuenea ndani ya helmeti, na humo ndani ya helmeti ndimo alimosafiria mpaka Thika. Kijibwa kikakua kikawa bonge la mbwa la rangi ya kahawia, shingo nene, kifua kipana, macho ya mtu anayekudai maelezo.

Jambo moja tu Kagwe alimfundisha, na alimfundisha vizuri: kupiga saluti. Jioni, pikipiki ikifika kwenye kona ya kioski, Kagwe alipiga honi. Soja alitoka nyuma ya nyumba mbio, na lango lilipofunguliwa alisimama wima kwa miguu ya nyuma, mguu mmoja wa mbele ukiwa juu, sawasawa na askari mbele ya mkubwa wake. Watoto wa ploti walipiga makofi. Kagwe aliteremka, akamkumbatia, akamwuliza habari za mchana kutwa, akamkwaruza nyuma ya masikio. Wakishamaliza mambo yao ndipo alipokumbuka kuingia ndani.

Ndani alikuwemo Mutheu, mke wake, binti wa Kithimani huko mashariki ya Thika. Alifuma sweta za shule kwa mashine iliyokaa chumba cha mbele. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa, mtoto hajaja bado, na mtaa, ambao hauwezi kumwacha mtu bila jina, ulikuwa umeshawapa yao: Baba Soja na Mama Soja. Kagwe aliuona huo ni mzaha mtamu. Mutheu aliitika kwa mdomo tu. Na mbwa mwenyewe, Mutheu alimwogopa. Akitaka kuanika nguo alipita ng'ambo ya ua akiwa na ufagio mkononi, na Kagwe alikuwa akimcheka.

Mambo yaliharibika jioni moja baada ya mvua. Honi ililia, Soja akaja mbio kama kawaida, akasimama kwa saluti, mguu wa nyuma ukateleza kwenye matope na goti likajipinda. Alilia mlio ambao Kagwe hakuwahi kuusikia kwake. Baadaye alisimama kwa miguu mitatu, wa nne ameukunja hewani, akimtazama bwana wake kama anayetaka kujua hilo nalo ni la nini.

Walifikiri ni mwiba. Walitafuta mwiba, wakamkanda kwa maji ya chumvi, wakangoja, na mguu haukugusa chini. Basi Kagwe akamwita Daktari Janice, daktari wa mifugo anayejulikana mtaani kwa maneno machache na viatu vya mpira. Janice alimlaza Soja ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akasukuma polepole. Muundi uliteleza mbele kama droo iliyolegea.

"Unaona hiyo? Haifai kwenda mbele hivyo," alisema. "Kuna kano ndani ya goti inashikilia huu mfupa. Imekatika."

"Si atafanyiwa operesheni?" Kagwe aliuliza.

Janice aliweka kipimo kifuani mwa Soja, akasikiliza muda mrefu kuliko walivyopenda. "Kusema ukweli, mbwa mzito hivi ningempeleka operesheni. Lakini moyo wake una makelele. Tukimlaza kwa dawa anaweza kukosa kuamka. Kwa hivyo tutamtibu bila kisu. Inawezekana. Goti litajijengea kovu gumu pembeni, misuli ya paja itachukua ile kazi. Lakini ni kazi ya kila siku, na inataka mtu mmoja wa kushinda naye."

Wote wawili wakamtazama Mutheu. Naye akautazama mlango.

Masharti yalikuwa mengi. Soja asikimbie, asiruke, asipande ngazi, asikanyage saruji inayoteleza. Akae chumba kimoja kidogo. Akienda haja afungwe kamba, na taulo lipitishwe chini ya tumbo kumpunguzia uzito. Atembezwe kidogo kidogo, polepole sana, maana akienda polepole ndipo atakapolazimika kuuweka ule mguu chini. Dawa ya uvimbe apewe akiwa ameshakula. Kitambaa cha moto gotini, na paja likandwe. Zaidi ya yote apungue mwili.

"Mbwa akikatika goti moja, la pili liko kwa foleni," Janice alisema akifunga mkoba. "Uzito wote sasa uko huko. Likienda nalo, hatasimama tena, na mimi sitaki kuja hapa na ile sindano ingine, ya mwisho. Tuelewane. Na wewe, Baba Soja, hiyo honi uwache. Ukifika kona, zima pikipiki uisukume, asisikie. Saluti usinitajie hata kwa ndoto."

Soja akahamia chumba cha mbele, chini ya mashine ya kufuma, kwa sababu hapo ndipo Mutheu aliposhinda. Alitandika magunia sakafuni yote ili mbwa asiteleze. Siku za kwanza alimpa dawa uso kageuza pembeni. Haki ya Mungu, alisema, akiniuma nitaruka dirisha. Soja hakumwuma. Alimeza kidonge, akalamba kidole chake, akalaza kidevu juu ya mguu wake wenye ndara. Mutheu alikaa hivyo hivyo, mguu ukamfia ganzi, akaogopa kuutoa.

Na Kagwe? Kagwe alifika kona jioni, akazima pikipiki, akaisukuma kimya kimya mpaka kwake. Alifungua lango lake mwenyewe kama mwizi. Hakuna aliyetoka mbio. Hakuna aliyepiga makofi. Alipita chini ya dirisha na kumsikia mke wake akiongea ndani, sauti ya chini, tamu, sauti ambayo hakuikumbuka kuisikia siku za karibuni. Akatega sikio. Mutheu alikuwa akimsimulia mbwa habari za mwalimu mkuu aliyekataa sweta kwa sababu ya rangi ya kola. Tena akimsimulia kwa Kikamba, lugha ya kwao Kithimani.

"Sasa yeye anasikia Kikamba?" Kagwe aliuliza akiingia.

"Anasikia. Angalia. Soja, uka vaa."

Soja akainuka, akachechemea hatua mbili, akaja pale alipoitwa. Kisha akageuka na kumwona Kagwe. Mkia ukagonga gunia kidogo, mbwa akarudi kulala, kidevu juu ya ile ndara.

Kitu kilimchoma Kagwe hapo, chini ya mbavu. Hakukijua jina, au alilijua akalikataa. "Ameshakula?" aliuliza.

"Ameshakula. Na leo tukienda kwa kioski ameweka mguu chini kabisa. Natamani ungeona."

"Sawa," alisema Kagwe, na hiyo sawa haikuwa sawa hata kidogo.

Wivu wa mtu mzima ni wa aibu kwa sababu hauna pa kulalamikia. Angemwambia nani? Kahiga, mwenzake kibandani? Kahiga angemtangaza Ruiru nzima kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo alinuna peke yake. Alikata alumini vibaya. Alipokuwa akipima madirisha ya watu aliwaza: nani alimbeba kutoka Githurai? Nani alimlea kwa maziwa na mkate wakati yeye mwenyewe anakula mkate bila maziwa? Leo mtu aliyekuwa akipita na ufagio ndiye anayetikisiwa mkia! Mambo yote mazuri yamekwenda kwa Mutheu, yaani kukanda, kutembea, kulambwa kidole, na yeye ameachiwa kusukuma pikipiki.

Hapo ndipo alipoanza ujinga wake. Karibu na kibanda chake palikuwa na bucha, na jioni moja alipita akaomba mifupa yenye mafuta na kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, akavifunga kwa gazeti, akavitia mfuko wa ndani wa koti. Mutheu alipokwenda jikoni Kagwe akasema, wacha nikae na mgonjwa kidogo. Alipiga goti, akafungua gazeti. Loo, macho ya Soja! Masikio yalisimama, mkia ukapiga mguu wa mashine mpaka ukalia. Alikula kwa pupa, akalamba viganja vya Kagwe, akalamba na ndevu. "Eee," Kagwe akamnong'oneza. "Umenikumbuka sasa? Umemkumbuka baba?"

Kesho yake Soja aliinua kichwa mara tu koti lilipoingia mlangoni. Mutheu akasema, "Ai, leo amekuchangamkia!" Kagwe akajibu kwamba mbwa na bwana wake wanajuana tangu zamani, akaenda kunawa mikono huku moyo umejaa. Alijua alilokatazwa. Alijiambia ni kidogo tu. Na kesho yake akapita bucha tena, na kesho kutwa, na mwenye bucha akawa anamwekea.

Daktari Janice alirudi na mizani yake garini. Walimpandisha Soja juu ya ubao wa mizani, wakasoma, wakasoma tena. Alikuwa ameongezeka.

"Mama Soja, unampa nini huyu?" Janice aliuliza.

Mutheu alieleza. Ugali wa kiasi, mboga iliyochemshwa, maini kidogo siku moja moja, kwa kikombe cha kupimia alichoachiwa na daktari. Alieleza yote kwa utaratibu, kidole kwa kidole.

"Mbwa hanenepi kwa hewa," alisema Janice. "Goti liko na nafuu, nakupa heko, lakini kwa huu uzito tunacheza. Hapa kuna uzembe. Mnanielewa?"

Alisema mnanielewa, lakini alikuwa akimtazama Mutheu. Mutheu alikuwa mwekundu machoni. Kagwe alikuwa amesimama pembeni, koti begani, na mfukoni mna kifurushi cha jioni hiyo. Hapo palikuwa pa kusema. Mdomo wake ulifunguka, na kilichotoka kilimshangaza hata yeye. "Labda ni huyu jirani, Ngina," alisema. "Si yeye hutupa mifupa juu ya ukuta?"

Ngina ni mjane wa nyumba ya pili, mwanakwaya, mtu wa kumwazima Mutheu chumvi na kumletea mboga za sukuma bila kuombwa. Mutheu alitoka vile vile na aproni yake. Kagwe alisikia sauti zao juu ya ukuta: kwanza ya Mutheu, kali, halafu ya Ngina, "Mimi? Mimi, Mutheu? Kwani nimekosa mbwa wa kulisha?" halafu mlango ukibamizwa. Jumapili iliyofuata Ngina alihama benchi kanisani. Kagwe aliimba wimbo mzima akitazama paa.

Baada ya hapo kitu kilibadilika, lakini Kagwe hakukishughulikia. Mutheu alipunguza sauti. Alipunguza na kikombe cha chakula cha Soja, kikawa nusu, kisha chini ya nusu. Matembezi hakuyapunguza hata kidogo. Na mbwa, ebu niambie, akazidi kumpenda! Jioni Kagwe alipofika Soja alikula mutura wake, akamlamba, kisha akaenda kulala palepale, kidevu juu ya ndara. Chakula chote kile, hatari yote ile, na bado kidevu kililala kwa Mutheu. Kagwe aliukodolea macho ule mguu wa mke wake kama mguu wa mgoni.

Siku ya mwisho ya ujinga ilikuwa Jumamosi. Kagwe alirudi mchana akamkuta Mutheu ua wa mbele, kamba mkononi, amechangamka. "Tazama," alisema. "Nimemfundisha kitu. Soja, moko." Soja akaketi na kumpa mguu wa mbele, kwa adabu, kama mtu anayesalimia mchungaji. Watoto wa ploti walipiga makofi. Makofi yale yale! Mutheu akacheka, akambusu mbwa kipajini, akamkabidhi Kagwe kamba, akaenda dukani kununua uzi.

Kagwe alibaki na Soja uani. Alitoa gazeti mfukoni, akalifungua. Soja akaketi mbele yake na kumpa mguu wa mbele, kwa adabu, jinsi Mutheu alivyomfundisha.

"Hapana," alisema Kagwe. "Si hiyo. Hiyo si yetu." Akainua nyama juu ya kichwa chake. "Soja! Saluti!"

Mbwa alisita. Alitazama nyama, akamtazama Kagwe, masikio yakalala. Kama kuna kitu Kagwe atakachokumbuka uzeeni ni kule kusita. "Saluti, nimesema!" Basi Soja, ambaye hakuwahi kumkatalia, akajivuta juu. Mguu mbovu haukutaka mzigo, mzigo wote ukaangukia mguu mzima, na goti la mguu mzima likaachia. Alianguka ubavu akalia, nyama ikabingirika vumbini, na hakuigusa.

Mutheu alikuwa hajafika hata kona. Alirudi mbio. Alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya mbwa, akakipakata kichwa chake, akamtuliza kwa Kikamba mpaka mlio ukawa kwikwi. Ndipo alipoliona gazeti. Kagwe alikuwa akitafuta maneno, na Mutheu akamwokoa na kazi hiyo.

"Usiseme," alisema. "Nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Koti lako hufuliwa na nani? Mfuko wa ndani unanuka bucha. Nilijua ile wiki niliyomtukana Ngina. Nikaenda kwake nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Nikamwambia asiseme. Halafu nikapunguza chakula nilichokuwa nampa mimi, ndio chako kisimuue. Nikakuachia wewe umlishe." Alipangusa pua kwa bega, mikono ikiwa imeshika mbwa. "Daktari aliniita mzembe ukiwa umesimama pale, Kagwe. Nikasema, wacha ningoje nione ataniacha nilaumiwe mpaka lini."

Kagwe alikaa chini vumbini. "Nilikuwa... alikuwa ananisahau. Alikupenda wewe."

"Ulimwonea mke wako wivu kwa mbwa?"

Kagwe aliinamia kamba za viatu vyake, akazifunga upya.

"Basi sikia na yangu," alisema Mutheu. "Miaka mitatu nasikia hiyo honi. Miaka mitatu nasimama hapo ndani kwa mlango, nimevaa vizuri, chai iko tayari, nasikia ukimwuliza Soja ameshindaje. Mimi ukiniona unauliza chakula. Nilimwonea huyu wivu mpaka nikamwombea afe. Nilipoambiwa nimtunze, nilikubali kwa sababu nilisema, akipona kwa mikono yangu, labda na mimi utaniona." Alimtazama Soja, akamfuta mate. "Mimi nimekuja kumpenda. Sikupanga."

Daktari Janice alikuja jioni hiyo hiyo. Alipapasa, kisha akasukuma. Goti la pili halikuwa limekatika lote, alisema. Kano ilikuwa imechanika nusu. Lile la kwanza lilikuwa limejishikilia vizuri kuliko alivyotarajia, kwa sababu ya ule mkando na yale matembezi. Ingebidi waanze upya kabisa, na safari hii hakuna nafasi ya kuteleza. Kagwe, mbele ya wote wawili, na Ngina akisikiliza juu ya ukuta bila kujificha, akasema ni yeye aliyekuwa akimlisha. Janice alimkata jicho moja refu, akamwandalia dawa, akaondoka bila kunywa chai.

Mutheu alifunga begi kesho yake. "Naenda kwa mama, Kithimani," alisema. "Sasa ni zamu yako."

"Utarudi?"

"Nikiwa tayari nitarudi."

Soja alijaribu kuinuka amfuate, akashindwa, akalia. Mutheu akaziba masikio mpaka langoni.

Basi Kagwe akamwachia Kahiga kibanda, akakaa chini ya mashine ya kufuma. Alijifunza taulo: likiwa mbele sana mbwa anakojoa juu yake, likiwa nyuma sana linambana. Alijifunza kupima joto la kitambaa kwa shavu lake kwanza. Alijifunza paja ambalo misuli imeisha, jinsi unavyolikanda kwa kidole gumba na kuliona likitulia. Alimpa kikombe kimoja, akageuza uso mbwa alipomwomba cha pili kwa yale macho. Huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe, kuliko taulo.

Na unadhani mbwa alimshukuru? Mbwa alilala akitazama lango. Kagwe alipomwita kwa Kikuyu alikuja, lakini taratibu, kama anayeitwa ofisini. Siku moja, akiwa amechoka kukataliwa, Kagwe alitazama kushoto na kulia, akasema kwa aibu, "Uka vaa, Soja." Mbwa akainua kichwa ghafla, akachungulia nyuma ya Kagwe, akatafuta mwenye sauti. Alipoona hayupo akashusha kichwa tena. Wivu ukamchoma Kagwe pale pale pa zamani. Ila sasa, akiwa peke yake chumbani na ndara za Mutheu zimepangwa ukutani, hakuweza kusema vizuri anamwonea nani: mke anayengojwa hivi, au mbwa aliyemjua mke wake vizuri kuliko yeye.

Alimpigia Mutheu simu kila jioni. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Ameweka mguu?"

"Ameweka. Yote miwili. Polepole."

"Amepungua?"

"Amepungua. Mutheu..."

"Sawa," alisema Mutheu, na simu ikakatwa. Kagwe akaijua ile sawa. Ilikuwa yake mwenyewe.

Mvua zikaisha, sukuma za Ngina zikakomaa, na siku moja Ngina akapitisha fungu juu ya ukuta bila neno. Janice akaleta mizani, akasoma, akaguna, na mara hii akanywa chai. Matembezi yakarefuka mpaka langoni, kisha mpaka kona. Hapo kona Soja aliketi kila siku, kwa adabu, akitazama barabara aliyoondokea Mutheu. Kagwe hakumvuta. Alisimama naye, akatazama barabara ile ile. Mwenye kioski aliwazoea, akawabandika jina la walinzi.

Ilikuwa alasiri, jua limepoa, walipokuwa hapo. Bodaboda ilisimama ng'ambo na mwanamke akateremka na begi lile lile. Kagwe alimwona, na kabla hajapata hata kupumua akahisi kamba ikikaza. Soja alikuwa ameinuka. Mwili wote ulikuwa ukitetemeka, na miguu ya mbele ilikuwa imeshaanza kuondoka chini. Alikuwa anataka kupiga saluti. Mutheu hakumfundisha saluti, wala hakuwahi kumpigia honi. Alikuwa anampa tu kitu kikubwa alichokuwa nacho.

Kagwe alijitupa chini. Alimkumbatia kifuani kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akapitisha taulo chini ya tumbo, akamshikilia ardhini. "Tulia, baba. Tulia. Anakuja. Anakuja mwenyewe." Chini ya kiganja chake moyo wa mbwa ulipiga na yale makelele yake, mkia ukimchapa Kagwe mbavuni, na furaha yote ile, hata chembe, haikuwa yake. Aliishikilia isiumie. Angekuwa na mtu wa kumshikilia na yeye, angemshukuru.

Mutheu alivuka barabara. Aliweka begi chini, akachutama, akakishika kile kichwa kikubwa kwa mikono miwili. Akamwuliza Soja ameshindaje, amekula nini, nani amemkondesha hivi, magoti yanasemaje. Alimwuliza yote kwa Kikamba, bila haraka, akamkwaruza nyuma ya masikio, akamsikiliza kama aliyejibiwa. Watoto walitoka kutazama. Mwenye kioski aliacha kupima sukari.

Hakuinua macho kwa Kagwe mpaka alipomaliza. Kagwe alibaki amepiga magoti vumbini, taulo mkononi, akingoja zamu yake.